Kuhama RCMP: Calgary, Edmonton au Surrey? Nina hadi mwisho wa mwezi kujibu

Mwana_wa_Nakuru (Jumapili, saa 4 usiku)
Hamjambo wadau. Mimi ni konstebo wa RCMP (polisi wa serikali kuu ya Kanada) hapa Alberta, kituo cha mji mdogo kaskazini. Nimechoka kuhamishwa, watoto wamebadilisha shule mara tatu. Kwa hiyo niliomba nafasi za askari wenye uzoefu Calgary Police Service na Edmonton Police Service. Calgary wamenipa barua ya ajira yenye masharti na wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Edmonton usaili nimemaliza, bado wananichunguza. Tatu ni Surrey Police Service kule British Columbia (BC). Sijaomba, ila wenzangu wawili walikwenda na wanaisifu sana.
Aliyewahi kuhama, ipi bora?

MamaNeema_Edmonton (Jumapili, saa 5 usiku)
Karibu kaka. Swali lako halijibiki hivyo lilivyo. Una miaka mingapi kazini? Umri je? Mke anafanya kazi gani? Nyumba mmenunua au mmepanga? Pensheni umeuliza? Mume wangu ni polisi hapa, mwaka wa tisa sasa. Nina mengi ya kusema lakini siwezi kumshauri mtu nisiyejua amesimama wapi.

Dereva_wa_Chinook (Jumatatu, saa 12 asubuhi)
Calgary, wala usijiulize mara mbili. Barua unayo mkononi! Kule ukishakuwa konstebo daraja la kwanza wanakupokea na daraja lako, mafunzo ni wiki kadhaa tu ya kujifunza sheria ndogo za mji, redio, ramani na taratibu zao. Hurudishwi darasani kama kuruta. Halafu milima iko saa moja na majira ya baridi upepo wa chinook unakuja kuyeyusha theluji. Edmonton theluji ikianguka hadi Aprili.

MamaNeema_Edmonton (Jumatatu, saa 1 asubuhi)
@Dereva_wa_Chinook mtu anauliza maisha ya watoto wake, wewe unaleta upepo. Nyumba Edmonton ni rahisi kuliko Calgary, na hilo kila aliyetafuta nyumba miaka hii analijua. Na yeye tayari yuko kaskazini, Edmonton ni karibu.

Shemeji_wa_Surrey (Jumatatu, saa 3 asubuhi)
Mimi ndiye nitasema upande wa Surrey, maana nimeishi Surrey miaka kumi na mbili na shemeji yangu alihama kutoka RCMP kuingia huko.
Uzuri wake ni kwamba ni huduma changa. Ilichukua rasmi ulinzi wa mji tarehe 29 Novemba 2024. Penye upya nafasi huwa nyingi: upelelezi, mbwa, watoto na familia, vyeo vya sajenti. Aliyeingia mapema alipanda mapema.
Ubaya nao nitausema. Baraza la mji lilipiga kura mwaka 2018 kuachana na RCMP, waliokuwa wakiulinda mji, na kuunda polisi wake. Uchaguzi wa 2022 ukamleta meya aliyetaka kubaki na RCMP. Julai 2023 serikali ya mkoa ikaamuru polisi wapya waendelee, mji ukaenda mahakamani, ukashindwa Mei 2024. Miaka yote hiyo askari waliokuwa wameshaacha kazi zao na kuapa Surrey walikuwa wanalala hawajui kama asubuhi kazi ipo. Dada yangu, mke wa huyo shemeji, alikonda.
Na huku si Alberta. Bei ya nyumba itakushtua. Kipimo cha viungo ni POPAT, si PARE ya RCMP uliyozoea, na anayetoka nje ya polisi wa manispaa za BC hupimwa kwanza na chuo cha polisi cha JIBC kule New Westminster. Si kigumu kwa mtu mwenye kazi yake, lakini ni hatua.

Mwana_wa_Nakuru (Jumatatu, saa 2 usiku)
Asanteni, nilikuwa zamu. Nina miaka 34, kazini miaka 7. Mke ni muuguzi, amesajiliwa Alberta. Watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu. Nyumba tumenunua na bado tunalipa benki. Pensheni sijauliza, nilidhani inahama yenyewe kwa kuwa yote ni polisi.

Zamu_ya_Usiku (Jumatatu, saa 5 usiku)
Hapo penye "inahama yenyewe" ndipo nilipoumia mimi. Naomba usome hadi mwisho ndugu yangu.
Mimi nilihama miaka minne iliyopita, kutoka huduma moja kwenda nyingine, mikoa tofauti. Sitazitaja. Nilikuwa na miaka minane. Kwenye usaili afisa wa ajira, mtu mzuri tu, akaniambia, "Miaka yako tunaiheshimu." Mimi nikasikia kwamba miaka yangu yote inahesabika. Kumbe alimaanisha mshahara peke yake. Mshahara kweli walinipa wa daraja la kwanza. Lakini katika orodha ya ukongwe niliwekwa chini kabisa, chini ya kijana aliyetoka chuoni miezi miwili kabla yangu. Ukongwe ndio unaoamua nani achague likizo kwanza, nani apate zamu ya mchana, nani aende kikosi gani. Krismasi tatu mfululizo nimezifanya barabarani, na mwanangu wa kwanza alianza shule nikiwa kazini.
Kosa la pili lilikuwa langu. Nilipopata barua yenye masharti nikafurahi, nikapeleka notisi ya kuacha kazi. Barua yenye masharti bado si ajira! Daktari wao akataka vipimo vingine vya sikio langu la kushoto. Nikakaa wiki kumi na moja bila mshahara, mke mjamzito, bima ya afya ya kazini imekatika. Mwishowe walinichukua, Mungu mkubwa, lakini tulikula akiba yote ya nyumba.
La tatu ni pensheni. Kuhamisha michango kulichukua zaidi ya mwaka. Hesabu ilipokuja, fedha ya miaka yangu minane ilitosha kununua miaka mitano na miezi kadhaa katika mfuko mpya. Hiyo iliyobaki ama uilipie mwenyewe kwa makumi ya maelfu ya dola, ama uiache. Niliiacha. Maana yake nitavaa buti karibu miaka mitatu zaidi ya niliyopanga.
Siwachukii. Kazi naipenda na wenzangu wa sasa ni watu. Ila hakuna aliyeniambia niombe hesabu kwa maandishi kabla ya kusaini, na nisingependa yakupate.

MamaNeema_Edmonton (Jumanne, saa 12 asubuhi)
Pole sana kaka. Haya ndiyo niliyokuwa nayazungukia.
@Mwana_wa_Nakuru sikiliza. RCMP ni mfuko wa serikali kuu. Polisi wa manispaa Alberta, yaani Calgary na Edmonton zote, wako kwenye mfuko mmoja unaoitwa Special Forces Pension Plan. Kwa hiyo kati ya Calgary na Edmonton upande huo hakuna tofauti kubwa, ingawa uliza kila mmoja ana nyongeza gani. Surrey ni mfuko mwingine kabisa, Municipal Pension Plan ya BC. RCMP na mfuko wa Alberta zote zinakuruhusu kustaafu bila kukatwa ukitimiza miaka 25 ya utumishi. Sasa piga hesabu: ukibaki ulipo una 18 mbele yako. Ukihama na miaka 7 ikanunua mitano, una 20. Unaweza pia kuiacha pensheni yako RCMP ikusubiri hadi utimize miaka 60, na hapo miaka 25 ya mfuko mpya unaianza sifuri. Utaifikisha ukiwa na umri wa miaka 59.

Bahati_wa_Goma (Jumanne, saa 4 asubuhi)
Bandugu, mi si askari. Niko mkalimani, natafsiriaka kwa hospitali na kwa tribunali hapa Edmonton. Nataka kusema kitu kimoja tu. Bantu betu ba Kongo tuko bengi hapa. Kuna mama moja, bwana yake alimupiga, polisi bakakuja, hakuna mwenye alisikia luga yake. Baliongea na bwana juu yeye anajua Kingereza. Mama alinyamaza. Nilikuja kujua kesho yake kwa hospitali. Kama kungekuwa askari moja mwenye anasema Swahili usiku ule! Ndugu wa Nakuru, mambo ya pensheni siyajui, lakini kuja Edmonton.

Mwana_wa_Nakuru (Jumanne, saa 7 mchana)
@Bahati_wa_Goma hii imenigusa sana. Hapa nilipo nimetumia Kiswahili kazini mara mbili tu kwa miaka yote.
@Zamu_ya_Usiku pole kaka, na asante. Notisi sijapeleka. Nimeandika leo kuomba hesabu ya pensheni.

Mzee_wa_Kiganjo (Jumanne, saa 10 jioni)
Wanangu hamjambo. Mimi nilipita chuo cha polisi cha Kiganjo, Kenya, zamani, sasa nimestaafu niko kwa binti yangu Toronto. Nashangaa mnavyohangaika. Kwetu mwaka 2018 maafisa wa AP (polisi wa utawala) zaidi ya 20,000 waliingizwa Kenya Police kwa tamko moja la serikali. Namba ile ile, mwajiri yule yule, pensheni ile ile. Kilichobadilika ni bosi na sare. Huku kila mji una jeshi lake.
Swali: mpwa wangu ni sajenti Kenya, miaka 14. Anaweza kuingia kama askari mwenye uzoefu?

Dereva_wa_Chinook (Jumanne, saa 11 jioni)
Shikamoo mzee. Kwanza awe na makazi ya kudumu au uraia. Pili, matangazo niliyoyasoma yanataka uzoefu wa Kanada. Mpwa atapokelewa kama kuruta, na miaka 14 itamsaidia kwenye usaili tu.

Mzee_wa_Kiganjo (Jumanne, saa 12 jioni)
Marahaba. Lakini miaka ya 2000 Calgary na Edmonton ziliwachukua askari Waingereza. Sajenti wa Nairobi amekosa nini? Ameshika kesi nyingi kuliko hao.

Dada_wa_Tanga (Jumanne, saa 2 usiku)
Shikamoo mzee wangu. Hapo nakuunga mkono kabisa, inauma. Ila hilo neno "jeshi" kwa nyinyi Wakenya si mliliacha? Katiba yenu ya 2010 iliwafanya huduma, na "Utumishi kwa Wote" mmeandika hadi milangoni. Sisi ndio bado tunasema Jeshi la Polisi.

Mzee_wa_Kiganjo (Jumanne, saa 3 usiku)
Mwanangu, karatasi inasema huduma. Raia anapigwa na nani usiku? Jina halijamfikia yule kijana mwenye rungu. Nilivaa sare ile miaka mingi na nalisema kwa uchungu.

Dada_wa_Tanga (Jumanne, saa 3 usiku)
Mzee, mimi naamini jina hujenga. Ukimwita mtu mtumishi kila siku, siku moja atajiona mtumishi.

Shemeji_wa_Surrey (Jumanne, saa 4 usiku)
Turudi kwa ndugu yetu jamani. @Mwana_wa_Nakuru mke atahitaji usajili mpya wa uuguzi akija BC, hilo usilisahau. Na hujasema rekodi yako ya nidhamu ikoje. Kila huduma itaomba jalada lako lote.

Mwana_wa_Nakuru (Jumatano, saa 1 asubuhi)
Kuna lalamiko moja la raia, la mwaka jana, kuhusu nguvu niliyotumia kumkamata mtu. Bado halijafungwa. Nina hakika nilifuata taratibu, ndiyo maana sikulitaja.

Zamu_ya_Usiku (Jumatano, saa 2 asubuhi)
Kaka! Hilo ndilo la kwanza kusema. Calgary wanalijua?

Mwana_wa_Nakuru (Jumatano, saa 2 asubuhi)
Kwenye fomu niliandika "hakuna adhabu". Ni kweli, sijaadhibiwa.

MamaNeema_Edmonton (Jumatano, saa 3 asubuhi)
Fomu ya mume wangu iliuliza uchunguzi wowote, uliofungwa na ulio wazi. Kasome upya fomu yako leo, neno kwa neno. Na Calgary wana mashine ya kupima uongo. Lalamiko lililo wazi mara nyingi linakuchelewesha tu. Ukionekana umelificha wanakukata, na utakaloulizwa kila utakakoomba baadaye ni kwa nini ulikatwa. Wapigie mwenyewe kabla hawajakupigia.

Dereva_wa_Chinook (Jumatano, saa 4 asubuhi)
Naungana na mama Neema, kwa mara ya kwanza. Na mwakilishi wako wa National Police Federation mwambie pia. Chama mnacho tangu 2019, kitumie.

Kijana_wa_Red_Deer (Jumatano, saa 6 mchana)
Kwa nini asisubiri Alberta Sheriffs Police Service, polisi wapya wa mkoa? Serikali ya Alberta imeianzisha 2025. Mkataba wa RCMP na mkoa unaisha 2032. Akiingia mwanzo atapanda kama wale wa Surrey.

Shemeji_wa_Surrey (Jumatano, saa 7 mchana)
Au atakaa miaka minne hajui hatima yake kama wale wa Surrey. Mtu mwenye watoto wawili na deni la benki simshauri.

Kijana_wa_Red_Deer (Jumatano, saa 7 mchana)
Surrey ulikuwa mji mmoja na mameya wawili. Huu ni mkoa mzima.

Shemeji_wa_Surrey (Jumatano, saa 8 mchana)
Mkoa nao una uchaguzi, mdogo wangu.

Mwana_wa_Nakuru (Alhamisi, saa 3 usiku)
Nimewapigia Calgary, nikasema kila kitu. Yule afisa alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nitume maelezo kwa maandishi na namba ya jalada. Tarehe ya kujibu wameisogeza mbele wiki tatu. Edmonton nimewaandikia pia. Ofisi ya pensheni haijajibu. Mke anasema kama ni yeye anachagua Edmonton, kwa sababu dada yake yuko huko na kwa sababu ya ile habari ya Bahati.

Bahati_wa_Goma (Alhamisi, saa 4 usiku)
Aksanti ndugu. Mama umusalimie sana.

Mzee_wa_Kiganjo (Ijumaa, saa 2 asubuhi)
Umefanya vyema mwanangu. Sasa huyu mpwa wangu, kipimo cha viungo cha Alberta wanakimbia umbali gani? Ana miaka 38 na goti moja linamsumbua.