Shahada ya historia: Mlimani, UDOM au Oxford? Naomba ulinganisho

Mzazi_Ipagala:
Wanajukwaa, salaam. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na matokeo yametoka juma lililopita. Amefaulu vizuri. Tangu akiwa kidato cha tatu hajataja kozi nyingine zaidi ya historia, na sasa nyumbani tumegawanyika pande tatu. Mama yake anataka asome UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa kuwa kutoka Ipagala hadi kule kilimani ni safari ya daladala tu. Mjomba wake anayeishi Dar es Salaam anashikilia kwamba historia husomwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwingine kote ni kuigiza. Naye mwenyewe juzi usiku alinionyesha kwenye simu tovuti ya Chuo Kikuu cha Oxford, akaniuliza kama mtoto wa Dodoma anaruhusiwa kuomba. Nilimjibu kwamba tutaongea kesho, kwa sababu sikuwa na jibu. Naomba mnilinganishie vyuo hivi vitatu, hasa nyinyi mliopita huko, maana dirisha la udahili limeshafunguliwa.

Afisa_Mstaafu:
Mzee mwenzangu, hongera kwa binti. Hata hivyo, umetuletea mgonjwa bila kutuambia anaumwa wapi. "Amefaulu vizuri" si alama. Alisoma tahasusi gani, na amepata nini katika kila somo? Nani atalipa ada: wewe, Bodi ya Mikopo, au mnatafuta ufadhili? Na swali ambalo wazazi tunalikwepa: anataka historia ili awe nani? Mwalimu, mtafiti, mtunza nyaraka au mwanadiplomasia? Bila majibu hayo kila mtu atakusifia chuo alichosoma yeye, na utaondoka hapa umechanganyikiwa kuliko ulivyokuja.

Nkrumah_Hall:
Mimi sihitaji kusubiri alama zake. Ni Mlimani. Chuo kile kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, na miaka michache baadaye idara yake ya historia ikawa mojawapo ya mahali ambapo Mwafrika alianza kuandikwa kama mtendaji wa historia yake mwenyewe badala ya mtu anayetendewa na wageni. Terence Ranger alikuwa profesa wa kwanza wa somo hilo pale, Isaria Kimambo akalijenga kwa miaka mingi, na mwaka 1968 na 1969 wanafunzi walitumwa vijijini kukusanya simulizi za wazee waliokuwa bado wanaikumbuka Vita ya Maji Maji. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa akifundisha hapo mwaka 1972 kilipotoka kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Mimi nilipita miaka mingi baada yao, lakini nakumbuka chumba cha East Africana katika maktaba: unajaza karatasi ndogo, unasubiri, kisha unaletewa taarifa ya mkuu wa wilaya wa enzi ya Mwingereza, kurasa zake zimekauka kiasi kwamba unaogopa kuzigeuza. Kwa upande wa umbali, tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dodoma hadi Dar es Salaam, kwa hiyo mama yake asitishike.

Chimwaga_Juu:
Kaka, kwa heshima zote, Rodney aliondoka Dar es Salaam mwaka 1974 na aliuawa Georgetown mwaka 1980. Binti wa watu hawezi kufundishwa na picha ya ukutani. Sifa ya idara ni ya walimu waliopo leo na ya kazi ambayo mwanafunzi ataifanya kwa mikono yake mwenyewe. UDOM ilianza mwaka 2007, ni kweli ni changa, lakini imekaa katikati ya vyanzo vya historia ambavyo havijachimbwa vya kutosha. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na watemi wa Kigogo waliwatoza wafanyabiashara hongo, yaani ushuru wa maji na wa kupita. Kolo kuna michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kongwa kuna mabaki ya mradi wa karanga wa Waingereza, na papo hapo ndipo wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipopiga kambi kuanzia mwaka 1964. Mwanafunzi anayefanya utafiti wake wa mwaka wa tatu hapa hupanda basi asubuhi, akamhoji mzee, jioni akalala kwao. Yule wa Dar es Salaam anahitaji nauli, posho na ruhusa ya mama.

Mzazi_Ipagala:
Samahani kwa kuchelewa, umeme ulikatika. Alisoma HGL, amepata A ya Historia, B ya Jiografia na C ya Kiingereza. Ada ya nje siiwezi hata nikiuza kiwanja, kwa hiyo tunategemea Bodi au ufadhili. Asanteni kwa michango, nasoma yote.

Afisa_Mstaafu:
Pointi 12 kwa masomo matatu, wakati sharti la jumla la kuingia shahada ni masomo mawili yenye jumla ya pointi nne, kwa hiyo kwa vyuo vya ndani mlango uko wazi na mnachagua, hamuombi huruma. Ila swali langu la mwisho umeliruka.

Dada_wa_Nyaraka:
Baba, nijibu upande wa Oxford, kwa kuwa mimi nilisoma shahada ya uzamili Uingereza kwa ufadhili na nilipata marafiki waliosoma huko shahada ya kwanza. Mtoto wa Dodoma anaruhusiwa kuomba, hakuna sheria inayomzuia. Maombi hupitia mfumo wa pamoja wa vyuo vya Uingereza, UCAS, na mwisho wake kwa Oxford na Cambridge ni tarehe 15 Oktoba, mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Huruhusiwi kuomba vyote viwili katika mwaka mmoja. Baada ya hapo kuna kazi ya maandishi unayotuma, halafu usaili wa mwezi Desemba, ambapo unaweza kuwekewa mbele yako aya ya maandishi ya kale usiyowahi kuiona ukaulizwa mwandishi wake alitaka kumshawishi nani. Hawatafuti mtu aliyekariri tarehe. Ukiingia, kila wiki au karibu kila wiki unaandika insha, kisha unakaa na mwalimu wako mkiwa wawili au watatu tu, na anaivunja hoja yako mbele ya macho yako. Rafiki yangu alilia wiki mbili za kwanza, baadaye akawa hataki kusoma kwa namna nyingine yoyote.

Sasa upande wa fedha. Ada ya mwanafunzi wa kigeni katika historia inazidi pauni 35,000 kwa mwaka, na ufadhili wa shahada ya kwanza ni haba sana. Ufadhili wenye uzito uko katika uzamili: Chevening, ambayo hudai uwe na shahada na uzoefu wa kazi wa takriban miaka miwili, ule wa Jumuiya ya Madola, na Rhodes, ambao humpeleka mtu Oxford yenyewe na una nafasi za Afrika Mashariki. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba asome shahada ya kwanza hapa nchini, apate daraja la juu, kisha aende huko akiwa na swali lake mwenyewe la utafiti. Na ile C ya Kiingereza aifanyie kazi kuanzia leo, maana historia ni kusoma na kuandika, na vyuo vyetu pia hufundisha kwa Kiingereza.

Mwalimu_Mvumi:
Mbukwenyi. Wote mmezungumzia utukufu, hakuna aliyezungumzia ugali. Mwenye shahada ya historia peke yake atahangaika na bahasha mtaani, lakini mwenye shahada ya sanaa na elimu, akichukua historia kama somo la kufundishia, ana taaluma mkononi. Sasa hivi kuna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili mashuleni, na walimu wanahitajika. Chuo chochote kati ya hivyo viwili vya ndani kinatoa shahada hiyo. Bodi itaanza kumkata asilimia 15 ya mshahara siku atakapoajiriwa, kwa hiyo kwanza awe na mshahara wa kukatwa.

Dada_wa_Nyaraka:
Mwalimu wangu, shikamoo. Sipingi ualimu, ila anayegawanya muda wake kati ya mbinu za kufundishia, mazoezi ya vitendo na somo lenyewe hupata nusu ya historia. Anayetaka utafiti anahitaji kujifunza kusoma nyaraka. Katika Nyaraka za Taifa, Upanga, yamo majalada ya serikali ya Wajerumani yaliyoandikwa kwa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo huhangaika nao. Hayo hayasomwi kwa mbinu za kufundishia.

Mwalimu_Mvumi:
Marahaba. Na watoto wa Mvumi nao watafundishwa na nani, hayo majalada?

Ndugu_wa_Mpwapwa:
Samahanini kwa kuingilia kati, lakini mnabishana kuhusu chuo wakati mimi nilishuhudia mtu akikosa vyuo vyote viwili. Mdogo wangu alikuwa na alama nzuri kama za binti huyu. Nyumbani hapakuwa na kompyuta, kwa hiyo alikwenda steshenari moja karibu na stendi, akampa kijana wa pale vyeti na fedha, akaombewa vyuo viwili. Kijana yule, ili kuharakisha, alijaza namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe yake, na nywila akaitunga yeye. Mdogo wangu hakuona ubaya, maana risiti alipewa na karatasi ilitoka imepigwa muhuri.

Majina yalipotoka alikuwa amechaguliwa kote kuwili. Tulichinja kuku. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha anakokwenda kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu, na ujumbe ule ulikwenda kwenye simu ya kijana wa steshenari, ambaye wiki ile alikuwa msibani Singida na simu yake ilikuwa imezimwa. Tulikaa kwenye ngazi za steshenari iliyofungwa siku mbili. Siku ya tatu tukampata dada yake, akatupa namba nyingine, haikupatikana. Aliporudi na kuwasha simu, ujumbe ulikuwepo, lakini siku za kuthibitisha zilikuwa zimepita, na awamu iliyofuata nafasi za kozi ile zilikuwa zimejaa. Mdogo wangu alikaa nyumbani mwaka mzima akipalilia alizeti za baba, na alipoingia chuoni mwaka uliofuata hakuwa tena na hamu ile. Kwa hiyo, Baba wa Ipagala, kabla ya Oxford: namba iliyojazwa kwenye maombi ya binti yako ni ya nani?

Nkrumah_Hall:
Hili ni la kweli kabisa, na linatokea kila mwaka. Ila tusisahau swali la awali. Ndugu wa Chimwaga alitaja mradi wa karanga kama hazina ya kihistoria, wakati habari ile imeandikwa sana na Waingereza wenyewe. Walianza mwaka 1947, wakaufuta mwaka 1951, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni. Binti ataongeza nini hapo?

Chimwaga_Juu:
Ataongeza kile ambacho hakikuandikwa, yaani walichokiona wenyeji. Vitabu vinaeleza habari za matrekta na hasara. Havielezi vya kutosha kwamba wenyeji wa Kongwa waliijua ardhi ile, kwamba udongo wake ukikauka huwa kama saruji na mvua ya kule haiaminiki, na kwamba hakuna aliyejisumbua kuwasikiliza. Hilo hulipati London, na wala Mlimani halikai kwenye rafu.

Mwalimu_Mvumi:
Hapo nakubaliana nawe, ingawa sikupenda. Miaka ya 1980 nilipokuwa kijana ninafundisha huku, niliandika kwenye daftari la shule simulizi za wazee kuhusu njaa ya Mtunya, ile ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya Mjerumani na Mwingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Wazee wale hawakutaja mwaka kwa tarakimu. Mmoja alisema, "Mimi nilikuwa natembea, mdogo wangu alikuwa mgongoni, hakufika." Nimeandika hivyo hivyo alivyosema. Daftari lina kurasa 60 na limeliwa na mchwa pembeni.

Dada_wa_Nyaraka:
Mwalimu! Na bado unasema binti asome mbinu za kufundishia? Tafadhali lipigwe picha daftari hilo ukurasa kwa ukurasa kabla mchwa hawajalimaliza.

Mzazi_Ipagala:
Wanajukwaa, nimechelewa kwa sababu nilikuwa nakagua maombi. Namba iliyojazwa si yangu, si ya binti, wala si ya steshenari. Ni ya mjomba wake. Kumbe tulipokuwa tunabishana, yeye alikwisha kumwombea akiwa huko Dar es Salaam, tena Mlimani peke yake. Nimempigia mara nne, hapokei. Mama yake hajaambiwa bado.

Kuhusu swali la Mzee Afisa, nimempa binti simu asome mjadala wote mwenyewe. Amesoma hadi mwisho kimya, kisha swali aliloniuliza halikuhusu Oxford. Ameuliza kama Mwalimu wa Mvumi anaweza kumwonyesha lile daftari.

Mwalimu_Mvumi:
Aje Jumamosi, mapema kabla jua halijawa kali, na aje na kalamu na karatasi zake mwenyewe. Daftari halitoki nyumbani.

Ndugu_wa_Mpwapwa:
Hayo ni mema, lakini mjomba amepokea?