Naombeni ushauri: video fupi na miziki ya kupumzikia likizo, nipo Mikindani

KaraniWaMsimu
Wakuu habari za humu. Dada yenu ni karani kwenye chama cha msingi huko Masasi, tangu korosho zianze kuingia mwezi wa kumi sijapumzika hata jumapili moja, ni kupima magunia, kuandika stakabadhi, wakulima wanapiga simu hela inaingia lini, basi juzi nimepewa siku kumi nikapanda gari nikaja kwa wazee Mikindani.

Sasa likizo ya mwaka jana niliimalizia kwenye simu. Nafungua saa tatu usiku kavideo kamoja ka kuchekesha, kanakuja kengine, mara ajali, mara watu wanatukanana, mara singeli, nikija kushtuka majogoo yanawika na macho yanawasha kama nimetoka kupuliza salfa shambani. Mama akaniambia mwanangu umekuja lakini hatujakuona. Iliniuma sana ile kauli mpaka leo.

Sitaki kuacha video maana nazipenda kweli. Nitajieni video za aina gani na muziki gani unampumzisha mtu, na tuangalie wote, babu yupo na watoto wa dada wawili. Nina simu moja, kaspika kadogo, bando sio kubwa.

FundiSimu_Ligula
Pole na msimu dada. Kinachochosha sio video, ni kutojua inayokuja ni ipi. Wewe chagua mchana ukiwa na akili yako, pakua humohumo kwenye app vitu kumi kumi na tano, ubora wa picha wa 360 unatosha kabisa kwa kioo cha simu, afu jioni zima data. Zikiisha zimeisha, hakuna ya kukuletea ajali. Ukiwa hewani YouTube zima ile ya kujicheza yenyewe, TikTok nayo ina sehemu ya kuweka kikomo cha muda kwa siku, weka nusu saa.

MzeeWaDansi
Mwanangu, kwa babu yako mtafutie dansi la zamani. Hawa Msondo Ngoma wa leo ndio NUTA Jazz ya mwaka 1964, wakaja kuitwa JUWATA, wakaja OTTU, kwahiyo lazima atakuwa na mwaka wake hapo katikati. Ila nikuase kitu kimoja, nyimbo zile zinaanza taratibu watu wanaimba kisa, halafu katikati magitaa yanachemka na ndio utamu wenyewe, kwahiyo ni za saa kumi na moja jioni sio za kulalia.

BintiKilwa
Za kulalia ni taarabu asilia ya Zanzibar, sio hii ya vijembe. Tafuta bashraf, ni muziki mtupu bila maneno, fidla na ganuni na udi vinapokezana. Ikhwani Safaa wapo tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, anzia kwao. Mimi naweka sauti ya chini, simu naigeuza kifudifudi juu ya kabati, naisikia mvua na ganuni basi usingizi huo.

TichaLindi
Watoto waonyeshe video za yule mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, dada, tafadhali usiache. Mifupa ilichimbwa hapahapa Lindi kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini, sasa hivi amesimamishwa kwenye makumbusho kule Berlin ana kimo cha zaidi ya mita 13. Wanafunzi wangu huwa hawaamini kama ni wa kwetu. Nyingine ni za wachonga vinyago, mtu anaanza na gogo la mpingo linaishia sura ya mtu, na hamna anayepiga kelele humo.

Mvuvi_Msimbati
Mie naona zima simu nenda baharini tu. Bahari ipo hapo mlangoni.

KaraniWaMsimu
@Mvuvi_Msimbati kaka asubuhi naenda, ila jioni mvua ikishika tunakuwa ndani wote na hapo ndio simu inaponinyakua.

KaraniWaMsimu
Wakuu nimerudi kutoa mrejesho, leo siku ya nne. Nilipakua video kumi na mbili na nyimbo sita. Watoto mjusi wamemrudia mara tano, wakatoka uani kuhesabu hatua kumi na tatu ndefu, wakafika mpaka kwenye mwembe wa jirani wakawa wanatazama juu.

Jana jioni nikaweka dansi. Babu alikuwa anabangua korosho, magitaa yalipochemka akaweka kijiti chini, mikono imekaa vilevile na jivu lake, akamwambia bibi "unaikumbuka hii?" Bibi akasema tulikuwa Nachingwea. Mama alikuwa hajawahi kusikia kama waliishi Nachingwea, tukakaa mpaka saa nne usiku wanasimulia na simu ilishazima chaji zamani.

@MzeeWaDansi shikamoo. Niongezee bendi nyingine za miaka hiyohiyo, babu ameshaulizia za kesho.