Ushauri: kotesheni ya karatasi za kura, mwenzangu kashusha bei mno

Wakuu habari za jioni. Nina ofisi ndogo ya uchapaji hapa Majengo, Dodoma. AMCOS (chama cha ushirika) ya wakulima wa zabibu njia ya Hombolo wanachagua bodi, wameomba kotesheni kwa watu watatu, karatasi 1,500 saizi A5, picha za wagombea za rangi, kishina (kipande kinachobaki kura ikichanwa) chenye namba na mstari wa kuchania. Nimepiga hesabu nikaweka 680,000. Leo katibu kanipigia anasema kuna mtu kaweka 390,000 nishuke nipewe kazi. Naitaka sana hii kazi ila kwa bei hiyo nachapa kwa hasara. Nifanyeje?

Fundi Kizota: Usishuke dada. Karatasi yenyewe si kitu, 1,500 za A5 ni rimu moja na nusu tu ya A4. Pesa inakwenda kwenye pleti, zile sahani za kuchapia, kila rangi na yake, rangi kamili ni pleti nne, uchape 1,500 au 15,000 ni zile zile nne, ndo maana oda ndogo kila karatasi inakuwa ghali. Wape bei mbili, ya rangi na ya nyeusi tupu pleti moja.

mama_Chamwino: Mi kilichonishtua ni huyo katibu. Kotesheni zinafunguliwa kwenye kikao, sasa kama kakutajia bei ya mwenzio basi na yako keshaitaja huko. Mwambie kwa heshima uko tayari kujibu kwa maandishi tu, nakala kwa mwenyekiti.

Mdau Area C: Namba iwe kwenye kishina PEKE YAKE, ikiwepo na kwenye kura mtu mwenye daftari anajua nani kampigia nani, hapo siri imeisha. Na andika kabisa kwamba wakishasaini prufu (nakala ya kuhakiki kabla ya kuchapa), mgombea akijitoa pleti mpya wanalipa wao. Wenzetu Kenya 2022 kura zilichapwa Ugiriki zikaja kwa ndege, majina yakichelewa gharama inapaa, na kwako ni hivyo hivyo.

Mtoa mada: Asanteni sana, la prufu sikuliwaza kabisa. Nimekata sampo mbili nimezichania mwenyewe, kishina kinatoka vizuri bila kula jina la mgombea. Kesho asubuhi napeleka kwa mwenyekiti barua yenye bei mbili, 680,000 ya rangi na 470,000 ya nyeusi. Chini ya hapo naiacha.