Wauza baruti bila jina na washauri wa WhatsApp, mtatumalizia wawindaji

Bandugu wa Lubumbashi, Likasi na Kipushi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na naomba admini asiufunge kabla watu hawajausoma mpaka mwisho.

Mtutu wa duze (bunduki ya kalibri 12) umempasukia binamu yangu kijijini, upande wa barabara ya Kasenga. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekwenda. Jicho, Mungu amesaidia, linaona. Bunduki ilikuwa nzima na ina kibali. Kilichoipasua ni baruti aliyouziwa ndani ya sashe, haina jina, haina tarehe, pamoja na maelezo ya kujaza kartushi yaliyokuwa yanazunguka kwenye makundi yetu. Mtu aliyatoa kwa Wamarekani wanaojaza wenyewe risasi za rivolva za magnum (bastola za silinda zenye risasi za nguvu zaidi), akayageuza Kiswahili, halafu akaongeza kwa mkono wake: "hata kalibri 12 inakubali". Inakubali kwa nani?

Wewe uliyeandika vile, soma hapa. Risasi ya .327 Federal Magnum inaruhusiwa kufika presha ya pauni 45,000 kwa inchi ya mraba. .357 Magnum, ya tangu 1935, inafika 35,000. Kalibri 12 ya kawaida mwisho wake ni 11,500. Yaani karibu robo ya ile ya kwanza! Silinda ya rivolva ya magnum imetengenezwa kwa chuma kinene kuzunguka kila tundu kwa sababu hiyo. Mtutu wa duze ni mwembamba, mwindaji aweze kuubeba kutwa porini. Hata kule kwao, mwenye rivolva ya .32 H&R Magnum hathubutu kutia ndani risasi ya .327, ingawa unene wa risasi ni uleule. Sasa wewe umeyavusha maelezo yao kutoka rivolva mpaka bunduki ya chembe, kama mtu anayempa mtoto mchanga dawa ya ng'ombe kwa kuwa homa ni homa.

Na hao Wamarekani hawachagui baruti kwa bei wala kwa rangi. Wanaangalia inavyowaka. Baruti ya Bullseye, inayouzwa tangu 1898, inawaka haraka sana, kwa hiyo kipimo chake ni kidogo na kinakaa chini kabisa ya ganda. Ukisahau ukatia mara mbili, jicho haligundui, na silinda inapasuka mkononi. Ndiyo maana wengi wao kwa magnum wanapenda baruti ya polepole inayojaza ganda, kama 2400 au H110: ukirudia kipimo inamwagika, unajua umekosea. Lakini H110 nayo ina masharti. Kiwanda kinakataza kuipunguza zaidi ya asilimia 3 chini ya kipimo kilichoandikwa, kwa sababu ikiwa kidogo haishiki moto vizuri, na risasi inaweza kubaki katikati ya mtutu. Ukipiga ya pili juu yake, umekwisha. Wengi wetu tunadhani kupunguza baruti ni usalama siku zote. Si kweli.

Haya yote mtu anayajua akiwa na kopo lenye jina mkononi na kitabu cha kiwanda mezani. Kwenye sashe utajua nini? Punje za kijivu zinafanana. Wauzaji wengine, na hili nimeliona kwa macho yangu, wanamimina mabaki ya makopo mbalimbali katika chombo kimoja, wanachanganya, wanapima kwa kijiko. Haraka na polepole pamoja! Hakuna kitabu duniani chenye kipimo cha mchanganyiko huo. Halafu chombo kinakaa chini ya bati mwezi wa kumi, joto la Lubumbashi mnalijua, na baruti inaoza. Ikitoa harufu kali ya asidi, au ukaona vumbi jekundu kama kutu, hiyo si ya kupiga tena.

Wenye pupu, zile bunduki za kienyeji za kujazwa kwa mdomo wa bomba, nawaomba zaidi, kwa sababu ninyi ndio mnaonunua sashe kwa wingi. Pupu ni ya baruti nyeusi, ile ya makaa, shura na salfa. Baruti isiyo na moshi, iliyovumbuliwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ni kitu kingine kabisa. Ukiijaza kwenye pupu kwa kipimo cha baruti nyeusi, bomba litafunguka usoni mwako. Muuzaji anayekwambia "hii ni ileile, ila ina nguvu kidogo" anajua anauza nini, na anakuuzia hivyo hivyo.

Msiniambie habari ya umaskini. Najua kartushi mpya ni ghali, najua watoto wanakula nyama hiyo. Binamu yangu naye alikuwa anatafuta kuokoa franka, na sasa familia inalipa hospitali. Tuna sheria ya silaha na risasi ya 1985, tuna sheria ya uwindaji ya 1982, na baruti bado inauzwa wazi wazi karibu na unga na mafuta.

Ninachotaka ni hiki. Admini, futeni ujumbe ule leo, na aliyeuandika aje mwenyewe aseme kila mahali alipoutuma kwamba ni wa uongo. Ninyi mliokwisha kujaza kartushi kwa maelezo yale, msipige hata moja, hata kama kumi za kwanza zilitoka salama. Baruti iliyobaki isitupwe jikoni wala kwenye takataka zinazochomwa. Itawanyeni kidogo kidogo shambani, mbali na moto na watoto. Na mwenye kujua nani mwingine alinunua baruti ile, ampigie simu usiku huu.