Tupeane uzoefu: Eneo la wazi la mtaa linapotakiwa kujengwa ghorofa

Ndugu wanajamvi, salaam.

Mtaa wetu, ulioko pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, ulipimwa katika ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, na sisi tulionunua wakati huo tulionyeshwa ramani yenye kipande kilichopakwa rangi ya kijani. Kwa miaka yote hiyo kipande hicho kimekuwa uwanja wa mpira, mahali pa kufunga turubai la msiba na njia ya maji ya masika. Mwezi uliopita tulikuta bikoni mpya, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, saruji yake ikiwa bado na unyevu, imechimbiwa hatua tatu mbele ya goli. Vijana hawakuing'oa, walihamisha goli. Baadaye mwenyekiti wa serikali ya mtaa alitueleza kwamba kuna mwekezaji anayekusudia kujenga ghorofa nne za makazi, na kwamba wakazi tutaitwa mkutanoni.

Sipingi watu kupata nyumba. Hofu yangu ni kwamba hatuna bomba la majitaka, kila kaya ina shimo lake, na gari la kunyonya likija wakati wa mvua hukwama kwenye tope. Waliokwisha kupitia hali kama hii, mlianzia wapi?

Mchangiaji wa kwanza (Kinondoni)

Tulianzia kwenye ramani, baada ya kupoteza miezi miwili tukilalamika kwa mdomo. Ombeni nakala ya mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, wenye namba yake, kwa sababu matumizi yaliyoandikwa humo hayabadilishwi kienyeji: Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imeweka utaratibu wa kuomba mabadiliko. Andikeni pingamizi kwa barua, kila mkazi atie saini, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Sisi tulizungushwa safari tatu kabla ya kuupata muhuri huo, lakini ndio uliotusaidia pale barua yetu ilipodaiwa kuwa haionekani.

Kilichotuumbua ni kingine, na nakisema ingawa kinaniaibisha. Siku ya kikao afisa mmoja alitoa picha za eneo lile: gereji bubu, banda la mkaa, na ukuta wa jirani yetu uliosogezwa kama mita mbili ndani ya eneo la wazi. Akatuuliza tunalinda nini ilhali wenyewe tumeshalimega. Ukumbi mzima ulikaa kimya, na mimi nilikuwa nimeketi karibu na mwenye ukuta. Mwishowe mradi ulipunguzwa, nusu ya eneo ikabaki, na ukuta ukabomolewa kwa gharama ya mwenyewe. Kabla hamjamshika mwekezaji, safisheni kwenu.

Mchangiaji wa pili (karibu na Bonde la Msimbazi)

Ulizeni habari za maji kabla ya jambo lolote lingine. Wengi wetu tunakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, na ndiyo maana nilidhani hakuna atakayethubutu kuinua ardhi juu yetu. Nilikosea. Walimwaga kifusi malori kwa malori hadi kiwanja chao kikawa juu ya madirisha yetu, na masika yaliyofuata maji yakaingia chumbani kwa mama, ambako hayakuwahi kufika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Basi nendeni na futi kamba mkapime wenyewe. Aidha, ombeni taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira, mkasome sehemu ya mitaro neno kwa neno.

Mchangiaji wa tatu (Nairobi)

Huku kwetu watu wakizungumzia viwanja vya umma humkumbuka Wangari Maathai, aliyepinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru mwaka 1989, kisha akautetea msitu wa Karura miaka kumi baadaye. Mtaani kwetu hapakuwa na mtu wa jina kubwa namna hiyo. Tulikuwa na mwalimu mstaafu aliyekuwa akihifadhi kila karatasi ya chama cha wakazi, na hizo karatasi ndizo zilizotubeba.

Mchangiaji wa nne

Samahani, naomba kuzungumza kutoka upande wa pili. Mimi ni mpangaji katika ghorofa ambazo majirani walizipinga. Sikujua lolote kuhusu uwanja ule nilipolipa kodi ya miezi sita, na hadi leo muuza duka ananiita "mtu wa ghorofani". Mwanangu naye hana pa kuchezea.

Mwanzisha mada

Nawashukuru. Mchangiaji wa kwanza amenigusa, kwani nilipotoka jioni hii kulizungukia eneo letu nilikuta tofali zangu mwenyewe, zilizobaki tangu nilipojenga banda la kuku, zimerundikwa upande wa ndani wa bikoni ya zamani. Kesho nitatafuta mkokoteni wa kuziondoa, na Jumatatu tutakwenda watu watano kuomba mchoro.