Rangers wamwongezee deGrom mkataba sasa, au wasubiri 2027 iishe?

MkaaKaribuNaKilima:
Wakuu, naomba tulijadili hili mapema. Miaka ya uhakika ya mkataba wa Jacob deGrom, mrushaji wa timu ya besiboli ya Texas Rangers, inaisha 2027; kwa 2028 klabu ina haki yenye masharti tu. Mimi nasema wamwongezee, ila si kwa namna ile ya kwanza. Anayepinga aje na hoja.

Kumbukeni ilivyokuwa. Desemba 2022 walimpa dola milioni 185 kwa miaka mitano. Mwaka 2023 akaanza mechi 6 tu, kano ya kiwiko ikachanika, na Juni akafanyiwa upasuaji wa Tommy John, ule wa kuweka kano mpya ya kiwiko. Ulikuwa wa pili kwake, maana wa kwanza alifanyiwa 2010 akiwa bado chipukizi wa timu ya New York Mets. Rangers wakatwaa World Series, fainali ya ubingwa, mwaka huohuo, yeye anauguza mkono. Mwaka 2024 akarudi Septemba, akaanza mechi 3. Misimu miwili, mechi 9, milioni 70 zimelipwa. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa nimewaaminisha watu kwamba huyu ndiye mrushaji bora duniani.

Halafu 2025 akaanza mechi 30. Hakuwa amefika hapo tangu 2019, mwaka alipochukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi, kwa mara ya pili. Wastani wake wa mikimbio anayoruhusu kwa kila iningi (awamu) tisa ukawa 2.97, na ukiwa mdogo ndiyo bora, iningi zaidi ya 170, na akapewa tuzo ya mchezaji aliyerejea vizuri zaidi katika ligi ya American. Lakini kilichonishawishi ni jinsi anavyorusha siku hizi. Mwaka 2021 mpira wake wa kasi ulikuwa na wastani wa maili 99 kwa saa, na mwili ukagoma: kiwiko mwaka ule, mfupa wa bega mwaka uliofuata, kisha kano. Sasa anarusha maili 97 na ushee, na slaida yake, mpira unaokata kona, bado inawafanya wapigaji wakubwa wapungie hewa. Huyu amekubali kupunguza kasi kidogo ili afike Septemba, mwisho wa msimu, na mrushaji wa hadhi yake kukubali hivyo si jambo dogo.

Basi swali: akimaliza 2026 mzima, wamwongezee mwaka 2028 kwa mkataba mpya, au wamwache aingie sokoni akiwa na miaka 39?

KanoMbili:
Mkuu, kwa heshima zote, hapana.

Desemba 2019 Washington Nationals walikuwa wametoka kubeba ubingwa, na mrushaji wao Stephen Strasburg ndiye alikuwa MVP (mchezaji bora) wa World Series. Shabiki gani angetaka aondoke? Wakampa milioni 245 kwa miaka saba. Baada ya kusaini alicheza mechi 8. Mishipa ya kati ya shingo na bega ilikuwa inabanwa, akapasuliwa 2021, na hakurudi tena kuwa yule tuliyemjua mpaka akastaafu 2024.

Mikataba ya ligi hii ikishasainiwa, pesa imedhaminiwa. Mchezaji akiumia, klabu inalipa. Ukimweka kwenye orodha ya majeruhi ya siku 60 unapata nafasi ya mtu mwingine kwenye kikosi cha wachezaji 40, lakini hurudishiwi hata senti moja.

Na tusome historia yote, tusichague ukurasa unaotupendeza. Kuanzia 2021 hadi 2024 deGrom alianza mechi 15, 11, 6 na 3. Una misimu minne inayosema jambo moja na msimu mmoja unaosema jingine. Mimi naamini ile minne.

MamaBesi:
Wanangu, mbona hamumtaji Chris Sale, aliyekuwa mrushaji wa Boston Red Sox?

Alimaliza 2018 bega likimsumbua. Pamoja na hayo, Machi 2019 Boston wakamwongezea milioni 145 kwa miaka mitano, na mkataba wa zamani ulikuwa bado una msimu mzima mbele! Mwaka mmoja baadaye akafanyiwa Tommy John. Kisha mbavu, kidole, kifundo cha mkono. Desemba 2023 wakachoka, wakampeleka Atlanta, na bado wakaongeza milioni 17 za kusaidia kumlipa. Mwaka 2024 akashinda mechi 18, wastani 2.38, akachukua Cy Young yake ya kwanza. Boston waligharamia majeraha, Atlanta wakafaidi mkono uliopona.

Kwa hiyo nakubaliana na nyote wawili nusu nusu. Mrushaji anayeumia anaweza kurudi akawa mtu, ila Boston waliharakia kusaini wakati bega lilikuwa limeshawapa ishara. Rangers wana haraka gani? Wanaye mpaka 2027.

HesabuZaKlabu:
Msisahau kodi ya anasa, ile klabu inayolipa mishahara yake ikipita kiwango cha ligi. Inahesabu wastani wa mkataba, haiangalii alicholipwa mwaka husika. Kwa deGrom ni milioni 37 kila mwaka, awe anacheza au amelala kwenye meza ya daktari. Na mkataba wa Nathan Eovaldi, mrushaji mwenzake wa Rangers, milioni 75 kwa miaka mitatu, nao unaisha 2027. Naye kapasuliwa kiwiko mara mbili. Mkiamua la mmoja mmeamua la wote wawili.

MkaaKaribuNaKilima:
Asanteni, hii ndiyo mijadala ninayoitaka.

KanoMbili, Strasburg ananitisha hata mimi. Lakini angalia kilichowaumiza Nationals: miaka saba. Mimi naomba mmoja. Na kuna njia ya kumfanya mchezaji abebe sehemu ya hatari. Mrushaji John Lackey aliposaini na Boston Desemba 2009, miaka mitano kwa milioni 82.5, klabu iliweka kipengele: kiwiko kikimtoa uwanjani kwa muda mrefu, klabu inapata haki ya mwaka wa sita kwa kima cha chini cha ligi. Kiwiko kikapasuliwa, akakosa 2012 yote. Ilipofika 2015, akiwa keshahamia St. Louis, akarusha iningi 218 kwa wastani wa 2.77, na mshahara wake wa msingi ulikuwa kama nusu milioni. Mrushaji wa daraja la kwanza kwa bei ya kijana anayeanza!

Basi 2028 iwe hivi: kiasi kidogo cha uhakika, na nyongeza kwa kila idadi ya mechi anazoanza. Kanuni zinaruhusu bonasi za mechi na iningi, hazikubali za ushindi au wastani wa mikimbio, na kwetu hilo ni sawa kabisa, maana hofu yetu ni kwamba hatapanda kilimani, pale mrushaji anaposimama. Akipanda, uwezo anao.

MamaBesi, kuhusu haraka umenishinda. Wasikae mezani kabla 2026 haijaisha na madaktari hawajapiga picha za kiwiko. Lakini wakisubiri mpaka 2027 iishe, na akawa na msimu mwingine kama wa 2025, timu nyingine itampa miaka miwili ya uhakika, na sisi tutabaki na ile haki yenye masharti tu ya kumshikia.

KanoMbili:
Kwa kipengele cha Lackey naweza kukaa mezani. Kiasi cha uhakika kikizidi milioni 15, mimi simo.