Naomba ushauri: valvu ya hidrojeni kimiminika kwenye injini ya jeti

Wakuu, habari za leo. Niko mwaka wa mwisho uhandisi. Mradi wangu ni kuiga kwenye kompyuta njia ya mafuta ya injini ya jeti inayotumia hidrojeni kimiminika: tangi, pampu, kipasha joto, valvu, chumba cha mwako.

Nimekwama kwenye valvu, ile inayopima kiasi cha mafuta yanayokwenda chumba cha mwako. Hidrojeni inachemka kwenye nyuzi -253, kwa hiyo joto kidogo tu likipenya bombani, mapovu hayo. Jana nilipunguza nguvu ya injini ghafla, grafu ya mtiririko ikaanza kupanda na kushuka kama meno ya msumeno. Valvu inapima gesi au kimiminika? Sielewi. Na Wasovieti waliliweza hili 1988, ndege yao Tupolev Tu-155 ikaruka, injini yake moja ikichoma hidrojeni!

Je, niweke valvu baada ya kipasha joto, ipime gesi tupu? Au kabla, huku pampu ikipandisha presha ipite ba 13 ili mapovu yasitokee kabisa? Msimamizi wangu anapenda ya pili. Mimi naogopa mapovu yataanzia kwenye mdomo wa kuingilia wa pampu yenyewe, kabla presha haijapanda.

Hata kama umeshika mitambo ya oksijeni kimiminika tu, niambie. Nawasilisha wiki ijayo.